Usiku wa wodini unawaumiza wagonjwa na wauguzi pamoja

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumzie zamu ya usiku katika hospitali zetu za Uganda. Habari nyingi za afya zinazochapishwa ni za mchana: dawa zimekwisha stoo, foleni ya wagonjwa wa nje imefika getini, madaktari wamegoma. Zina uzito wake. Lakini mgonjwa aliyelazwa yuko wodini saa 24, na nusu ya saa hizo wodi inabaki na muuguzi mmoja au wawili, taa hafifu, maabara isiyo na mtu na makabati yenye kufuli. Hapo ndipo mzee anapochanganyikiwa, kidonda cha kiunoni kinapoanza, muuguzi anapojichoma sindano na dozi inapokosewa. Tunachodai ni kwamba usiku upangwe kwa makini kama mchana. Sehemu kubwa ya tunayoyaomba haihitaji jengo jipya wala mfadhili.

Tuanze na jambo ambalo halieleweki kabisa, nalo ni kuchanganyikiwa kwa ghafla. Mzee amelazwa kwa nimonia, au amefanyiwa upasuaji wa nyonga. Mchana anazungumza vizuri na anawatambua wanawe. Ikifika saa 3 usiku anang'oa dripu, anamwita mkewe aliyefariki miaka mingi, anataka atoke akafungue ng'ombe. Asubuhi ametulia, na daktari akipita raundi haoni kitu. Jamaa wanasema amerogwa. Wengine wanaomba wamtoe wampeleke kwenye maombi au kwa mganga, na antibayotiki inakatika siku ya pili tu ya matibabu. Huu ni ugonjwa wa mwili uliopanda kichwani. Unakuja ndani ya saa au siku chache, unapanda na kushuka katika siku hiyo hiyo, na dalili yake kuu ni mtu kushindwa kushika mawazo yake. Mwambie ataje siku za juma kinyumenyume. Akipotea katikati au akisahau alichoulizwa, na juzi alikuwa mzima wa akili, hapo pana tatizo. Apimwe kwa lugha ya nyumbani kwake, iwe Kilugbara, Kialuri, Kimadi au Kiswahili cha kwao Kongo. Ukimpima kwa Kiingereza utakuwa umepima shule aliyosoma.

Sababu zitafutwe kwa mpangilio, usiku uleule. Sukari kwanza, kwa tone la damu. Kisha oksijeni kwa kipimo cha kidoleni, joto, presha, na kipimo cha malaria. Baada ya hapo muuguzi ashike tumbo chini ya kitovu, kwa maana kibofu kilichojaa, au katheta, ule mpira wa kutolea mkojo, iliyojikunja chini ya paja, humtia mzee wazimu wa usiku mmoja na hakuna anayefikiria kutazama. Aulize choo: siku 3 bila kwenda haja kubwa ni sababu tosha. Aulize maumivu. Atazame kikombe, kwa sababu wagonjwa wengi hawanywi maji kwa kuogopa kuamka kwenda msalani gizani.

Makosa mawili hurudiwa sana. La kwanza ni sindano ya diazepam ili mgonjwa anyamaze. Kwa mzee, dawa hiyo huzidisha mkanganyiko na inaweza kudhoofisha pumzi. Anayeihitaji kweli ni yule aliyezoea waragi kila siku na sasa amekatishwa ghafla kwa kulazwa: siku ya pili au ya tatu anatetemeka, anatoka jasho, anaona wadudu ukutani. Huyo atibiwe kwa diazepam pamoja na thiamini (vitamini B1), na ndiyo maana swali la pombe liulizwe siku anapolazwa, kwa upole, bila kumhukumu. Kosa la pili ni kumfunga mikono kitandani kwa bendeji. Anapambana nayo, anachubuka, na akifanikiwa kuruka anavunjika. Kinachosaidia ni kidogo na kinachosha: jamaa yuleyule akae naye, sio kubadilishana watu watano, miwani yake awe nayo, aambiwe mara kwa mara yuko wapi na leo ni siku gani, taa ndogo ibaki, kubwa izimwe, mchana atolewe kitandani akae kwenye jua. Na tusimsahau yule aliyechanganyikiwa kimyakimya, anayelala tu na kuitikia polepole. Wodini anasifiwa kuwa mgonjwa asiyesumbua. Huyo ndiye anayepitwa mara nyingi, na mara nyingi ndiye aliye katika hatari zaidi.

Usingizi wenyewe ni tiba ambayo hospitali huwanyang'anya watu bure. Si kila mgonjwa anahitaji kuamshwa saa 8 usiku apimwe presha. Daktari wa jioni aandike kwenye faili nani aamshwe na nani aachwe mpaka saa 12 asubuhi. Kusafisha sakafu na kuogesha wagonjwa kabla ya mapambazuko, ili tu zamu ya asubuhi ikute wodi inang'aa, ni desturi inayofaa kuachwa.

Kuhusu vidonda vya kulalia, kila aliyesoma uuguzi anajua kwamba mgonjwa asiyejigeuza anageuzwa kila saa 2. Mchana hugeuzwa. Usiku karatasi ya kugeuza inajazwa asubuhi kwa mkupuo, mistari yote kwa kalamu moja. Hatusemi hivyo kuwalaumu wenzetu. Mtu mmoja hawezi kumgeuza mgonjwa wa kilo 80, na akijaribu mgongo wake ndio unaoharibika. Dawa yake ni kupanga saa ambazo muuguzi wa wodi ya jirani anakuja: saa 4, saa 6, saa 8 na saa 10, watu wawili na lesu moja iliyokunjwa ipite chini ya mgonjwa kutoka mabegani hadi mapajani, wavute kwa pamoja bila kumburuta. Alazwe kwa mwinamo wa nyuzi 30 hivi, mto nyuma ya mgongo, asilalie mfupa wa paja moja kwa moja. Visigino vining'inie kwa kuweka nguo iliyoviringishwa chini ya ndama za miguu. Ile pete ya nguo au ya mpira wanayowekewa kiunoni iachwe, kwani inakata damu kuzunguka mahali palepale inapodaiwa kupalinda. Sehemu iliyoanza kuumia isisuguliwe.

Vitabu vingi vinafundisha kutafuta wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, hasa kwa tochi. Tumia mgongo wa mkono: panapoanza kidonda pana joto au ubaridi tofauti na pembeni, pamekuwa pagumu au pamelegea, na mgonjwa anaguna ukipagusa. Rangi inaweza kuwa ya zambarau au nyeusi zaidi. Ukipaona hivyo mgonjwa asipalalie tena mpaka pawe sawa.

Jamaa wanaouguza wanahesabika wapi? Hospitalini kwetu wao ndio wanaoogesha, wanaolisha, wanaofua, wanaokimbilia duka la dawa, na usiku wanalala kwenye mkeka chini ya kitanda. Wodi za kifua wanavuta hewa ileile na mgonjwa wa kifua kikuu ambaye bado hajaanza dawa. Wodi nyingine wanang'atwa na mbu kwa sababu chandarua ni cha kitanda. Madirisha ya pande zote mbili yafunguliwe usiku, hata kama kuna baridi. Hewa inayopita ndiyo kinga ya kwanza ya kifua kikuu, na haina gharama. Mgonjwa anayekohoa avae barakoa ya kawaida. Anayemhudumia avae ile nzito ya N95, iliyobana pande zote za uso.

Sasa kwa mhudumu mwenyewe. Nguvu za mwili wa binadamu hushuka kati ya saa 9 na saa 11 alfajiri. Joto la mwili linapungua, macho yanakuwa mazito, hesabu rahisi zinakuwa ngumu. Hakuna ushupavu unaoshinda jambo hili. Mfano mmoja unatosha, kifafa cha mimba. Dawa yake, magnesiamu salfeti, inakuja katika chupa ya ml 10 yenye nguvu ya asilimia 50, yaani gramu 5. Dozi ya kuanzia kwenye mshipa ni gramu 4 za asilimia 20. Kwa hiyo mkunga anavuta ml 8, anaongeza ml 12 za maji ya sindano, anapata ml 20, anazipitisha polepole kwa dakika zisizopungua 5. Kisha gramu 5 kwenye kila tako, hizo zikiwa za asilimia 50 bila kuongezwa maji, pamoja na ml 1 ya dawa ya ganzi, lignokeini ya asilimia 2. Mkunga aliyelala vizuri anafanya hivyo bila wasiwasi. Saa 10 usiku, mama anatikisika, mume anapiga kelele mlangoni, ni rahisi mno kuipitisha ile ya asilimia 50 moja kwa moja kwenye mshipa. Kinga ni kasha dogo lenye chupa zake, maji, bomba za ml 20 na kadi ya hatua iliyobandikwa ndani ya kifuniko, pamoja na kalsiamu glukonati ya kumwokoa mama pumzi ikilegea. Kabla ya kila dozi inayofuata: pumzi 16 au zaidi kwa dakika, goti liruke likigongwa, na mkojo usiwe chini ya ml 30 kwa saa. Mtu wa pili asome kadi kwa sauti wakati wa kwanza anavuta dawa. Mtu huyo anaweza kuwa mwanafunzi wa uuguzi.

Umeme ukikatika, dripu inawekwa kwa tochi ya simu iliyoshikwa kwa meno. Mkono mmoja una mshipa, mwingine una sindano, na boksi la sindano liko upande wa pili wa wodi, tena limejaa hadi mdomoni wakati lilitakiwa kufungwa lilipofika robo tatu. Hivyo ndivyo watu wanavyojichoma. Kila wodi iwe na tochi mbili za kuvaa kichwani, na boksi litembee na trei. Sindano isirudishiwe kifuniko.

Aliyejichoma aoshe mahali hapo kwa maji na sabuni, asikamue, asimwagie Jik wala spiriti. Kisha aende kuchukua dawa za kinga dhidi ya VVU, zile za PEP, haraka iwezekanavyo, vizuri zaidi ndani ya saa 2, na baada ya saa 72 hazina maana tena. Anazimeza siku 28. Hapa ndipo usiku unapotuangusha. Dawa zipo hospitalini, lakini zimefungiwa kliniki ya VVU, na mwenye funguo ameondoka saa 11 jioni. Ikiwa ni Ijumaa usiku kabla ya wikendi ya sikukuu, saa 72 zinaweza kwisha mlango ukiwa haujafunguliwa. Tunaomba kila hospitali iweke dozi za siku 3 katika droo ya msimamizi wa zamu ya usiku, pamoja na kipimo cha VVU na fomu ya kuandikisha tukio. Fomu hiyo ina kazi nyingine: bila maandishi, madai ya fidia kwa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi hayana miguu.

Tusiogope VVU peke yake. Sindano yenye damu ya mtu mwenye VVU huambukiza takriban mara 3 katika 1,000. Ya mtu mwenye homa ya ini aina ya B, kwa mhudumu asiyechanjwa, huambukiza kati ya mara 6 na 30 katika kila 100. Kaskazini mwa nchi na huku kwetu mkoa wa West Nile homa hiyo imeenea kuliko sehemu nyingine za Uganda. Chanjo ni dozi 3: leo, baada ya mwezi 1, na baada ya miezi 6. Wengi wanapata ya kwanza na ya pili kwenye kampeni, ya tatu inasahaulika. Wasafishaji na wafuaji wa hospitali, ambao huchomwa na sindano zilizoachwa ndani ya mashuka, mara nyingi hawaitwi kabisa. Waitwe.

Kuhusu Ebola nchi hii imelipa sana. Dk. Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor, Gulu, alifariki tarehe 5 Desemba 2000, na wauguzi wenzake kadhaa walitangulia. Katika mlipuko wa 2022 ulioanzia Mubende, wahudumu wa afya 19 waliambukizwa na 7 wakafa. Mwezi Januari 2025 muuguzi mwingine alifariki Kampala kabla mlipuko haujatangazwa. Tunayataja kwa sababu mgonjwa wa kwanza wa ugonjwa kama huo haji na kibao kifuani. Anaweza kuja usiku, ana homa na kutapika, anapokelewa kama mwenye malaria, na glavu za wodi zimebaki pea chache zinazotunzwa kwa ajili ya kuzalisha. Akiba ya glavu ya usiku ihesabiwe saa 2 usiku wakati wa kupokezana zamu, iandikwe kitabuni, na ikiwa pungufu msimamizi aamshwe saa ileile. Damu ikimwagika, Jik ya asilimia 3.5 ichanganywe sehemu 1 kwa sehemu 6 za maji, iachwe juu ya damu dakika 10 ndipo pafutwe. Mchanganyiko wa jana umwagwe, nguvu yake imekwisha.

Upande wa akili ndio unaotuuma zaidi, na hauandikwi kwenye ripoti. Muuguzi anajua mama huyu anahitaji damu, benki ya damu haina, na anamwangalia akiisha. Asubuhi taarifa ya kifo inatakiwa ndani ya saa 24, na kikao kilichokusudiwa kutafuta chanzo kinageuka mahakama. Kesho usiku yuko wodi ileile, kitanda kilekile kina mtu mwingine. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2019 hali ya mtu kuchoshwa na kazi kwa alama 3: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi, na kuona kazi yake haifai kitu. Hiyo alama ya pili ndiyo wananchi wanayoiona na kuiita kiburi cha wauguzi. Kiburi kipo, hatukatai, lakini aliyekuwa mpole mwaka jana na leo anajibu kwa mkato anafaa kuulizwa hali kabla ya kuandikiwa barua ya onyo.

Kuulizwa kwenyewe kuna njia yake. Kumkusanya kila mtu baada ya kifo na kumlazimisha asimulie alichokiona hakusaidii, na Shirika la Afya Duniani halipendekezi. Kinachofaa ni msimamizi kumpa chai, kumwondoa wodini nusu saa, kumwuliza anahitaji nini, kumtafutia usafiri wa nyumbani, na kumtazama tena baada ya wiki 2. Wakati huo amwulize mambo mawili: katika wiki 2 hizi, ni mara ngapi amekosa hamu ya mambo aliyoyapenda, na ni mara ngapi amejisikia mnyonge au kukata tamaa? Kila jibu lina alama 0 hadi 3. Jumla ikifika 3, amwone mtaalamu wa afya ya akili. Hospitali za rufaa za mikoa zina vitengo hivyo. Kikwazo ni kwamba muuguzi haendi kukaa kwenye benchi moja na wagonjwa wake, mbele ya wenzake. Hospitali mbili za jirani zikubaliane kupokeleana watumishi, faili libaki huko. Na akisema anawaza kujiua, asiachwe peke yake usiku huo, na funguo za kabati la dawa apewe mwenzake.

Ratiba nayo ni dawa. Usiku 3 mfululizo, ukizidi sana 4, halafu mapumziko ya siku 2, badala ya wiki nzima au zaidi. Kulala alasiri kabla ya zamu, kwa muda wa saa moja na nusu. Mapumziko ya dakika 20 kati ya saa 7 na saa 9 usiku, kwa zamu, mwenzake akiwa macho. Ukipitisha hapo unaingia usingizi mzito na unaamka mzembe zaidi, kwa hiyo kengele iwekwe na dawa zisiguswe robo saa ya kwanza. Chai ya majani au kahawa mwisho saa 8 usiku. Asubuhi asiendeshe bodaboda mwenyewe kwenda nyumbani.

Kwenu mtakaouguza jamaa zenu usiku: njooni na chandarua, miwani ya mgonjwa, kikombe chenye kifuniko na orodha ya dawa anazotumia. Mwamsheni muuguzi bila kuogopa ikiwa mtu mzima anahema zaidi ya mara 30 kwa dakika, midomo imebadilika rangi, hajakojoa tangu jioni, anazungumza yasiyoeleweka wakati jioni alikuwa sawa, au mama aliyejifungua amelowesha pedi nzima ndani ya dakika 5. Muuguzi akionekana mkali, rudieni maneno yenu mara ya pili kwa utulivu, mkitaja namba ya kitanda.

Wauguzi na wakunga wa zamu za usiku,
Arua